Biddy Mason: mama, mabinti watatu na safari ya Texas iliyokwama

Katiba ya California ya mwaka 1849 ilipiga marufuku utumwa bila kumung'unya maneno. Mwaka 1851 Robert Smith, mkulima kutoka Mississippi, aliingia California na watumwa wake, akawaweka kazini San Bernardino miaka minne na ushei, na hakuna mwenye mamlaka aliyemuuliza kitu. Mmoja wa watumwa hao alikuwa Bridget Mason, ambaye kila mtu alimwita Biddy. Januari 1856 alisimama mbele ya jaji wa Los Angeles akiwa mali ya mtu, akatoka akiwa huru.

Wengi humsimulia kama mtumwa aliyegeuka tajiri. Alikuwa na mali kweli, lakini simulizi hiyo inaruka mahali pagumu zaidi: kwa nini mwanamke aliyekuwa huru kisheria tangu mwaka 1851 hakuondoka tu kwa Smith? Jibu langu ni fupi. Alikuwa na mabinti watatu, na mtu mwenye watoto watatu hatoroki kama kijana asiye na mzigo. Mabinti hao ndio waliomshikilia, na mmoja wao ndiye aliyeleta watu wa kumtoa. Kisa hiki chote, pamoja na hoja za kisheria zilizomo, ukikisoma kwa kufuata familia kinaeleweka. Ukikisoma kwa kufuata pesa, utaishia kuhesabu dola.

Kwa miguu, nyuma ya mifugo

Biddy alizaliwa Agosti 1818, akakulia utumwani Kusini mwa Marekani. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alijifunza ukunga, uuguzi na dawa za mitishamba, maarifa ambayo wanawake watumwa walirithishana mashambani kwa sababu daktari hakuwa wa kwao.

Smith na mkewe Rebecca waliingia dini ya Wamormoni. Mwaka 1848 wakaungana na waumini wenzao wa Mississippi kwenda bonde la Salt Lake (Utah ya leo), mahali kanisa lao lilipokuwa likijenga makazi mapya. Msafara ulikuwa na watu karibu 90, na zaidi ya theluthi yao walikuwa watumwa. Familia za weupe zilikuwa na magari ya turubai yaliyovutwa na maksai. Biddy alikuwa nyuma, kwa miguu, akiswaga ng'ombe wasitawanyike. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 2,700, na ilikula miezi.

Kuswaga mifugo kulikuwa ndiyo kazi yake ya mchana. Jioni, msafara ulipopiga kambi, palikuwa na kupika. Mwanamke yeyote aliposhikwa na uchungu, aliyeitwa alikuwa yeye. Na katikati ya hayo alikuwa na wa kwake: Ellen, msichana wa miaka kumi hivi, Ann, wa miaka minne, na Harriet, aliyezaliwa mwaka 1847 na bado akinyonya. Mtoto wa miaka minne hawezi kutembea siku nzima kwa mwendo wa maksai. Nikisoma habari za wanawake wa misafara ya Magharibi, na zimeandikwa nyingi, huwa natafuta ni nani aliyebeba watoto wa mtu aliyekuwa akibeba watoto wa wengine. Mara nyingi habari hizo hazisemi.

Mwaka 1851 Smith akang'oa tena kambi. Viongozi wawili wa Wamormoni, Amasa Lyman na Charles Rich, walikuwa wakipeleka waumini kwenda kuanzisha makazi ya San Bernardino, kusini mwa California. Brigham Young, kiongozi mkuu wa kanisa, aliwaonya wenye watumwa kwamba California haikubali utumwa. Smith alisikia, akaenda hivyohivyo, na ilionekana kwa miaka kadhaa kwamba alikuwa amepiga hesabu vizuri.

Sheria iliyokuwapo na sheria iliyofanya kazi

Hapa inabidi kukaa kidogo, maana ndipo kisa kinapopata meno.

Katiba ilisema utumwa hautavumiliwa. Haikusema nani aende shambani kwa Smith kumwambia hivyo. Wakati huohuo bunge la California lilipitisha mwaka 1850 sheria iliyomzuia mtu mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu kutoa ushahidi kwa faida au dhidi ya mtu mweupe katika kesi ya jinai, na mwaka uliofuata kizuizi kikaingizwa pia katika kesi za madai. Matokeo yake ni kwamba mtumwa alikuwa na haki ambayo hakuruhusiwa kuitamka mahakamani.

Mwaka 1852 mambo yalizidi kuwa mabaya. Bunge lilitunga sheria ya kuwarudisha watumwa watoro, na ndani yake likawapa nafasi wenye watumwa walioletwa kabla California haijawa jimbo, Septemba 1850, kuwachukua na kurudi nao Kusini. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya California iliitumia kuwarudisha Mississippi wanaume watatu, Carter Perkins, Robert Perkins na Sandy Jones, waliokuwa tayari wakijitegemea kwa kazi zao wenyewe. Habari kama hizo husambaa. Mtu mweusi wa California aliyesikia hukumu hiyo alijua kwamba maneno ya katiba hayakumtosha.

Lakini tazama tarehe. Sheria hiyo ya 1852 ilikuwa ya muda, ikahuishwa mara kadhaa, kisha ikaachwa ife mwaka 1855. Na hata ingekuwa hai isingemsaidia Smith, kwa kuwa aliingia mwaka 1851, California ikiwa tayari jimbo, tena watumwa hawakumtoroka bali aliwaleta mwenyewe. Upande wa pili, Machi 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Dred Scott, iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wala kudai uhuru kwa sababu tu amekaa kwenye ardhi isiyo na utumwa. Kati ya 1855 na Machi 1857 palikuwa na mwanya. Kesi ya Biddy ilipita humo. Hakuuchagua yeye, ni Smith aliyeuchagua bila kujua, alipoamua kuhama mwishoni mwa 1855.

Alitaka kwenda Texas, jimbo la utumwa.

Wakwe watarajiwa

Kwa wakati huo San Bernardino na Los Angeles zilikuwa na watu weusi huru wachache, na walifahamiana. Elizabeth Flake Rowan, aliyekuwa naye ameletwa na familia ya Kimormoni akiwa mtumwa na sasa yuko huru, alikuwa rafiki wa Biddy. Yeye ni miongoni mwa waliopeleka habari kwamba Smith anafungasha.

Los Angeles alikuwapo Robert Owens. Huyu alikuwa mtumwa huko Texas, akapata uhuru wake, akafanya kazi hadi akawakomboa mkewe Winnie na watoto, kisha akahamia California mwanzoni mwa miaka ya 1850. Alikuwa na zizi la farasi na nyumbu, akiliuzia jeshi kuni na wanyama, na alikuwa ameajiri wachunga ng'ombe wake mwenyewe. Kwa hiyo Smith alipowaambia watu wake kwamba Texas hakuna tofauti na California, mjini palikuwa na mtu aliyejua Texas ilivyo kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umetoka huko.

Na Owens alikuwa na mtoto wa kiume, Charles, aliyempenda Ellen. Ellen alikuwa na miaka 17 hivi. Kijana mwingine aliyefanya kazi zizini kwa Owens, Manuel Pepper, alimpenda Ann mwingine, binti mkubwa wa Hannah. Hannah ndiye mwanamke mwingine mtumwa katika boma la Smith, naye alikuwa na watoto wengi kuliko Biddy. Hawa vijana wawili hawakuwa wanasheria. Walikuwa wanakaribia kupoteza wachumba wao kwa mtu aliyetaka kuwavusha jangwa.

Smith alipiga kambi kwenye korongo katika milima ya Santa Monica. Hannah alikuwa anakaribia kujifungua na safari ikachelewa. Owens akaenda kwa vyombo vya dola, hati ya kuamuru watu hao wafikishwe mahakamani ikatolewa, na kundi la sherifu, pamoja na watu wa Owens, likaenda kambini na kuwachukua. Waliwekwa jela ya kaunti, kwa ulinzi, si kwa kosa. Naweza tu kuwaza watoto wale walielewaje: wanaokolewa, na mlango unafungwa kwa nje.

Mbele ya Jaji Hayes

Shauri lilisikilizwa kuanzia Januari 19, 1856 mbele ya Benjamin Hayes, jaji wa wilaya, mzaliwa wa Baltimore, Maryland, jimbo la utumwa. Waombaji walikuwa 14: Biddy na mabinti wake watatu, Hannah na watoto wake wanane, na mjukuu mmoja wa Hannah. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na wiki mbili.

Smith hakusema "hawa ni watumwa wangu". Asingethubutu, katiba ilikuwa wazi. Alisema ni watu wa familia yake. Amewalisha na kuwavisha, na wanakwenda Texas kwa hiari yao. Ni utetezi wa kijanja, kwa sababu unahamisha swali. Sasa haijadiliwi tena kama utumwa ni halali. Inajadiliwa kama mama huyu amekubali kusafiri, na mama huyu haruhusiwi kusema.

Kisha wakili wa waombaji akajitoa ghafla katikati ya shauri. Ilibainika kwamba alikuwa ametishwa na kupewa dola 100 aachane nalo. Akina Biddy wakabaki bila wakili, mbele ya mahakama isiyoweza kupokea ushahidi wao, dhidi ya mtu aliyekuwa na pesa za kumnunua msemaji wao.

Hayes angeweza kufunga faili. Badala yake aliwaita wanawake faraghani, mbele ya mashahidi wawili wasio na upande, akawauliza mwenyewe. Biddy alimwambia kwamba siku zote amefanya alichoambiwa. Kwamba tangu aliposikia habari za safari ya Texas amekuwa akiiogopa. Na kwamba Smith alimhakikishia atakuwa huru Texas kama alivyo huku.

Maneno haya matatu yasome taratibu. La kwanza linaeleza kwa nini hakuondoka miaka yote ile: utii ulikuwa ndio maisha yake, na si lazima mtu awe na mnyororo ili atii. La pili linaua hoja ya hiari. La tatu ndilo lililomfunga Smith, kwa sababu ni ahadi ambayo mahakama iliweza kuipima kwa kuangalia sheria za Texas tu, bila kumwamini wala kutomwamini mwanamke mweusi.

Na Hayes alizipima. Texas haikuruhusu watu weusi huru kuingizwa jimboni. Basi kama Biddy ni huru, asingeweza kupelekwa Texas kihalali. Na kama Texas itampokea, itampokea akiwa mtumwa. Ahadi ya Smith haikuwa na upande wa kusimamia. Ama alidanganya, ama hakujua sheria ya kule anakokwenda, na kwa vyovyote vile watu 14 walikuwa wanapelekwa utumwani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande bora cha hukumu nzima, maana kinafanya kazi hata ukifuta ushahidi wote wa waombaji. Jaji alikuwa amefungwa mikono na sheria mbovu ya ushahidi, akatafuta njia ambayo haikuihitaji.

Kuhusu hiari, Hayes aliandika kwamba Smith, kutokana na uhusiano wake wa zamani na watu hao, alikuwa na ushawishi usiofaa juu yao, kiasi kwamba hawakuwa na uhuru wa nia wa kutoa ridhaa yenye nguvu kisheria. Kukaa kimya mbele ya mtu aliyekumiliki tangu ujana wako hakuwi kukubali. Ningependa angeongeza jambo moja kwa uwazi zaidi: mama aliyeambiwa watoto wake wanapakiwa garini ataingia garini. Ukitazama kwa nje utasema kapanda kwa hiari.

Januari 21 Smith hakutokea. Hukumu ikasema wote 14 wana haki ya uhuru wao na wako huru milele. Gharama zikawa juu ya Smith, ambaye aliondoka zake kwenda Texas.

Kutotokea kwake kulisaidia kuliko watu wanavyokiri. Hakukata rufaa. Mahakama Kuu ya California ya miaka ile haikuwa rafiki: mwaka 1858, katika kesi ya kijana Archy Lee, majaji wake walikubali kwamba sheria haimpi bwana haki ya kukaa na mtumwa California, halafu wakaamuru kijana arudishwe kwa bwana wake hata hivyo, kwa kumhurumia bwana. Archy Lee aliokolewa baadaye na kamishna wa serikali kuu huko San Francisco. Hukumu ya Hayes ilikuwa ya mahakama ya wilaya na haikuwafunga majaji wa juu. Iliwakomboa watu waliotajwa ndani yake, basi. Sheria ya kuwaziba midomo weusi dhidi ya weupe iliendelea hadi 1863, baada ya miaka ya kampeni za watu weusi wenyewe, ambao walifanya mkutano wao wa kwanza wa jimbo Sacramento Novemba 1855, wiki chache kabla ya Owens kumfuata sherifu.

Dola mbili na nusu kwa siku

Biddy na mabinti walihamia kwa akina Owens. Mwaka huohuo Charles alimwoa Ellen, na kambi ya uokoaji ikawa ukoo. Furaha haikudumu bila doa: Ann, binti wa kati, aliyekuwa na miaka minne wakati wa safari ya kwanza, alifariki mwaka 1857.

Kazi Biddy aliipata kwa Dk. John Griffin, tabibu aliyejulikana mjini, kwa dola 2.50 kwa siku, akiwa muuguzi na mkunga. Ulikuwa ujira mzuri kwa mwanamke wa enzi ile. Alizalisha watoto wa matajiri na wa maskini, akauguza wafungwa wa jela ya kaunti, jela ileile aliyokuwa amelazwa kwa ulinzi, na ndui ilipoushambulia mji mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliingia kwenye nyumba ambazo wengine walizikwepa.

Mwaka 1866 alinunua kiwanja Spring Street, kati ya mtaa wa Tatu na wa Nne, kwa dola 250. Fanya hesabu: ni ujira wa siku 100. Ilimchukua miaka kumi kuupata, na kila anayelea watoto peke yake anajua siku zile nyingine zilikwenda wapi. Kwa kuwa hakujua kuandika, aliweka alama ya X kwenye hati. Aliwaambia watoto kwamba pale ndipo nyumbani na wasipaache kamwe. Mwanamke aliyehamishwa mara mbili na mtu mwingine, na nusura ya tatu, alikuwa na sababu ya kusema hivyo.

Kiwanja kilikuwa pembezoni mwa mji wa watu elfu chache. Reli ya Southern Pacific ilifika 1876, Santa Fe ikafuata katikati ya miaka ya 1880, na bei za ardhi zikapaa. Mwaka 1884 aliuza sehemu ya kiwanja kwa dola 1,500, na sehemu iliyobaki akajenga jengo la tofali lenye vyumba vya kupangisha. Hakuna siri ya kibiashara hapo zaidi ya kushika ardhi na kutoiachia mapema.

Pesa zilitoka jinsi zilivyoingia. Mwaka 1872 Wamethodisti weusi wa Los Angeles walikutana nyumbani kwake wakaanzisha kanisa la First AME (kifupi cha African Methodist Episcopal, kanisa la Kimethodisti la watu weusi), na yeye akalipa kodi ya jengo na posho ya mchungaji. Mafuriko yalipowaacha watu bila makao katika miaka ya 1880, alifungua hesabu kwenye duka la vyakula ili familia zichukue mahitaji na bili ije kwake. Mjini walimwita Bibi Mason. Wafungwa walizidi kumwona jela, safari hii akija na chakula.

Alifariki Januari 15, 1891. Ellen na Charles walikuwa wamepata wana wawili, Robert Curry na Henry, waliosomeshwa Oakland. Robert alirithi akili ya bibi yake kuhusu viwanja na biashara ya wanyama ya babu yake, akawa mmoja wa watu weusi wenye mali nyingi zaidi Magharibi mwanzoni mwa karne ya 20. Ajabu ni kwamba kaburi la bibi mwenyewe, katika makaburi ya Evergreen huko Boyle Heights, lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1988, waumini wa First AME walipoliwekea moja, akiwapo meya Tom Bradley, meya wa kwanza mweusi wa Los Angeles. Mwaka uliofuata, nyuma ya majengo ya Spring Street, pale ilipokuwa ardhi ya dola 250, ukajengwa ukuta wa kumbukumbu unaoeleza maisha yake muongo kwa muongo.